Unyevu wa Walbrook

Jumatatu

Viatu vyangu vya Idi vimeota manyoya. Nilivitoa chini ya kitanda nivipake kiwi, nikakuta vimegeuka kijani, cha kushoto kuliko cha kulia. Chumba changu kiko chini ya ardhi, huku Manor Park, mashariki ya London, na ukuta wa upande wa bustani unalia mwaka mzima. Nikampigia mwenye nyumba. Akaja, jambo ambalo peke yake lingetosha kuandikwa humu. Akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, akakifuta kidole kwenye taulo langu, akasema tatizo ni pumzi. Wapangaji wanapumua sana, halafu wanapika bila kufunika sufuria. Dawa yake ni kufungua dirisha. Nikamwonyesha dirisha. Lilipakwa rangi likiwa limefungwa, zama za mpangaji mwingine, na tangu hapo limekuwa sehemu ya ukuta. Akalitazama kidogo, akasema atatuma mtu.

Jana dada alipiga simu. Mtoto wake yuko darasa la nne na mwalimu amewapa kazi ya kuandika kuhusu Warumi. Jumamosi lazima nimpeleke kwenye hekalu la Mithras, lile lililo chini ya majengo ya City, katikati ya London. "Si ndiko unakofanya kazi wewe? Utakuwa unalijua." Mimi napiga deki ofisi za ghorofa ya tano, hatua chache kutoka mtaa wa Walbrook. Hekalu liko mita saba chini ya lami ya mtaa huo. Nimemwambia nalijua.

Basi leo zamu ilipoisha nikavuka barabara nikalione kwanza, nisije nikaumbuka mbele ya mtoto. Mlango umefungwa. Jumatatu ni siku ya mapumziko. Mungu aliyekoma kuabudiwa miaka zaidi ya elfu na mia tano iliyopita ana siku yake ya kupumzika kwa wiki.

Jumanne

Zamu yangu inaisha saa mbili asubuhi. Hekalu linafunguliwa saa nne. Nikakaa kwenye benchi chini ya upenu, mvua ya rasharasha ikinijia kwa ubavu, nikasoma kitabu nilichoazima maktaba ya mtaani kwetu. Kurasa zake za mwisho zimegandana kwa unyevu. Hilo nililikuta, sikulileta mimi.

Habari yenyewe ni hii. Mabomu ya Wajerumani ya mwaka 1940 na 1941 yaliifumua City, na eneo la Walbrook likabaki magofu na majani kwa miaka zaidi ya kumi. Wenye kiwanja walipokuwa tayari kuinua jengo jipya la ofisi, Bucklersbury House, mwanaakiolojia W. F. Grimes alipewa nafasi ya kuchimba kabla zege halijamwagwa. Hakuwa akitafuta hekalu. Alikuwa akitafuta mto. Walbrook ni kijito kilichoukata mji wa Kirumi katikati, kikajazwa takataka karne kwa karne mpaka kikapotea chini ya mitaa, na Grimes alitaka kujua tu kilipita wapi na kilikwenda kina gani. Mtaro wake ukakatiza ukuta wa mawe wenye ncha ya mviringo. Mtu angeweza kudhani ni kanisa la zamani.

Jumamosi ya tarehe 18 Septemba 1954, siku ambayo uchimbaji ulikuwa umepangwa kwisha, kikatoka kichwa cha marumaru. Ni cha kijana mwenye nywele za mawimbi, macho ameyainua juu, na kofia laini ambayo ncha yake imekunjika kwa mbele. Shingo imekatika. Ni Mithras. Picha ikatoka gazetini Jumapili, na kuanzia Jumatatu London ikapanga foleni. Inakadiriwa watu 400,000 walikwenda kuchungulia lile shimo kwa muda wa wiki mbili hivi, wengine wametoka makazini na suti zao, wamesimama saa nzima na zaidi kwenye vifusi. Mgao wa chakula wa wakati wa vita ulikuwa umefutwa Julai mwaka huohuo. Nadhani watu walikuwa wameanza kuzikumbuka foleni.

Suala likafika mpaka Baraza la Mawaziri la Churchill. Mawaziri walioitawala sehemu kubwa ya dunia, na sisi tukiwemo, wakakaa kujadili kuta zenye urefu wa mita 18 kwa upana wa 8. Fedha za kumlipa mwenye kiwanja fidia ili jengo lihamie kwingine hawakutaka kuzitoa. Kilichoamuliwa ni kwamba mawe yang'olewe, yawekwe mahali, yaje yapangwe upya baadaye. Watu wa nyumbani tunaijua hiyo baadaye.

Hapo nikasinzia. Mlinzi aliniamsha saa sita na robo akaniambia benchi si la kulalia. Nikarudi nyumbani. Usingizi haukurudi nami.

Jumatano

Lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani mlikuwa na mimi, mwenzangu wa Bukavu na mashine ya kunyonya vumbi. Sauti ya kike ya kwenye lifti ilituambia tutulie, msaada uko njiani. Iliendelea kutuambia hivyo kwa utaratibu mzuri.

Kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda nikamsimulia habari za hekalu. Akaniuliza waumini wake walikuwa watu gani. Nikamwambia askari, wafanyabiashara, makarani wa ushuru, wote wanaume. Walikutana gizani, mahali pasipo madirisha, pakafanywa pafanane na pango, wakala pamoja mbele ya sanamu ya Mithras akimchinja fahali. Akafikiri kidogo. "Mzee, hiyo ni mungu ya masoda." Sijasoma maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Nikamwambia kuna jiwe lilipatikana palepale Walbrook mwaka 1889, limechongwa tendo hilo la kuchinja, na mwenye kulitoa ameandika jina lake: Ulpius Silvanus, mstaafu wa Legioni ya Pili Augusta. Akasema anawajua wastaafu wa namna hiyo, Bukavu wapo, wakishapewa kiinua mgongo wanajenga nyumba ya maombi.

Kisha nikamweleza sehemu inayonihusu. Ile baadaye ilifika mwaka 1962. Mawe yalipangwa upya barabara ya Queen Victoria, mita kama mia kutoka yalikotoka, juu ya paa la maegesho ya magari. Yakaunganishwa kwa saruji ya kisasa. Sakafu ikatandikwa mawe bapa yaliyovunjwavunjwa, kama vile ni ua wa baa. Hekalu lililojengwa nusu ndani ya ardhi likainuliwa juu, kwenye jua, na hata mwelekeo wake ukageuzwa. Hilo ndilo nililolikuta mimi nilipofika London mara ya kwanza, kabla hawajaling'oa tena. Nilifanya kibarua karibu na pale, na mchana nilikaa kwenye ukuta wake nikala mandazi yangu. Lilikuwa pagale. Mtu yeyote wa Tanga angelitazama akasema mwenyewe yuko Uarabuni, anatuma hela kidogokidogo, na sasa wamefika usawa wa madirisha wakasimama. Kibao cha maelezo kilikuwepo, ila mbele yake paliegeshwa baiskeli.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba wataalamu wenyewe waliona hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Fundi wa lifti alipotufungulia alitulaumu kwa mashine ya vumbi. Msimamizi akatukata muda tuliokaa ndani.

Alhamisi

Simu imetumbukia kwenye ndoo ya deki. Ilitoka mfuko wa shati nilipoinama, ikaingia majini bila kurusha hata tone, ikalala chini ikiwaka. Ikazima nilipokuwa nakunja mkono wa shati. Nafasi zetu za Jumamosi zimo humo. Kuingia ni bure, lakini wanashauri ujiandikishe kabla. Mwenzangu wa Bukavu alisema izikwe kwenye mchele. Mchele uliokuwepo ofisini ulikuwa pilau yangu.

Sasa nina muda wa kuandika kwa kuwa hakuna anayeweza kunipigia.

Kampuni ya Bloomberg ilikinunua kiwanja kile mwaka 2010 ili ijenge makao yake ya Ulaya. Mambo yalikuwa yamebadilika tangu siku za Grimes: tangu mwaka 1990 kanuni za mipango miji zinamtaka anayejenga agharamie uchimbaji wa mabaki atakayoyavuruga. Wachimbaji wa Museum of London Archaeology wakaingia, wakafanya kazi mpaka 2014, wakatoa vitu zaidi ya 14,000. Kuna viatu vya ngozi, vikapu, mlango wa mbao, pini, mabati ya risasi, hirizi ya kaharabu iliyochongwa kama kofia ya chuma ya mpiganaji wa uwanjani. Na kuna vibao 405 vya kuandikia.

Kibao ni ubao mwembamba, saizi ya kiganja au kubwa kidogo, uliochongwa bonde jembamba katikati likatiwa nta nyeusi. Mtu aliandika kwa kijiti cha chuma, akishamaliza akailainisha nta akaandika mengine. Vingi vilichongwa kutoka mbao za mapipa yaliyoletea Uingereza bidhaa za ng'ambo. Nta imeshapotea. Lakini karani mwenye mkono mzito alikwaruza mpaka kwenye mti, na mikwaruzo hiyo, moja juu ya nyingine, ndiyo aliyoisoma mtaalamu Roger Tomlin, akiitazama kwa mwanga uliopigwa kutoka pembeni. Vibao zaidi ya themanini vimesomeka. Naviheshimu sana vitu vilivyoandikwa na watu wenye mkono mzito.

Kimoja kina tarehe: 8 Januari mwaka 57. Tibullus, mtumwa wa zamani wa Venustus aliyeachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus, naye mtumwa wa zamani wa Spurius, denari 105, thamani ya mali iliyouzwa na kukabidhiwa. Hakuna hati ya Uingereza yenye tarehe yake ndani iliyo ya zamani kuliko hiyo. Haina mfalme wala vita, ina deni. Kingine ni cha tarehe 21 Oktoba 62, mkataba wa kuleta mizigo 20 ya chakula kutoka Verulamium, ambako leo ni St Albans, kuja Londinium, yaani London ya Kirumi. Mwaka mmoja au miwili kabla yake malkia Boudica, aliyewaasi Warumi, alikuwa ameiteketeza miji yote miwili. Katika kingine mtu anamwonya rafiki yake kwamba watu wanajitapa soko zima kuwa yeye amewakopesha fedha, hivyo aangalie asijidhalilishe.

Hicho nimekisoma mara mbili. Shemeji yangu alinikopa nauli ya kwenda Muscat. Tibullus angalau aliandika. Shemeji hajaandika kitu, ila kabla hajaondoka alikaa barazani Ngamiani akawasimulia watu jinsi nilivyotoa bila kuuliza, na tangu hapo wamenipigia watu ambao nilidhani walishakufa.

Lakini ninachotaka kuandika hasa ni habari ya maji. Tope la Walbrook halijawahi kukauka. Hewa haiingii, na pasipo hewa vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi, ndiyo maana mbao na ngozi zilizotupwa mtoni zikakaa karibu miaka elfu mbili na mishono yake. Kinachoangamiza ni maji na hewa vikikutana. Ukuta wangu una vyote viwili. Kiatu cha mtumwa wa Londinium kiko salama kwenye kioo, na changu cha dukani hakikufikisha Idi mbili.

Mchele mkavu nimeupata saa moja usiku. Simu imo ndani.

Ijumaa

Kwa kuwa vile vya Idi havivaliki, nilikwenda msikitini na viatu vya kazini. Kutoka nje nikakuta kimoja ni changu na kingine si changu. Vinafanana rangi. Nilisubiri mpaka watu wote wakaisha, na hicho kimoja kikabaki kimenitazama. Kinanibana vidole. Huyo aliyechukua changu naye sasa hivi atakuwa anajiuliza kwa nini mguu mmoja unapwaya, au hajiulizi.

Simu: bado.

Jumamosi

Treni zetu zilikuwa kwenye matengenezo ya mwisho wa wiki, basi likazungushwa, tukafika tumechelewa nusu saa, mimi nachechemea. Mtoto alikuwa amekula chakula chake cha mchana kabla hatujafika Stratford. Nikamweleza dada wa mapokezi kuhusu ndoo. Hakuuliza lolote, akatuingiza na kundi lililofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu zaidi na sikupata pa kuyaweka.

Pale juu kuna ukuta wa kioo uliopangwa mamia ya vitu vilivyotoka chini. Mtoto aliviruka vibao vyote akaenda moja kwa moja kwenye kiatu. Akakitazama, akatazama vya kwangu, akanyamaza. Dada yangu amemlea vizuri.

Unashuka ngazi, kuta nyeusi, unapita miaka. Kwenye ngazi ya kati kuna viti na sauti ya kueleza Mithras ni nani. Kisha unashuka tena na hapo ndipo penyewe. Taa zinazimwa. Sauti za wanaume zinaanza kuongea Kilatini gizani, wengine wanaingia kama vile wamechelewa ibada, na ukungu unafuka. Mwanga unapita kwenye ukungu unasimamisha nguzo zisizokuwepo. Ukungu huo unatengenezwa na mashine, na kwa hakika mashine hiyo si ya bei rahisi. Mtoto alinishika mkono wa koti akasema kwa sauti iliyosikika na kundi zima: "Mjomba, mbona panafanana na kwako?"

Taa zilipowaka likaonekana jengo. Safari hii wamelirudisha karibu kabisa na mahali pake, kwenye kina chake, na mwelekeo wake umerudi. Mawe ni yale ya mwaka 1954, saruji ya 1962 imekwanguliwa, na badala yake wametia chokaa iliyochanganywa kwa kufuata sampuli za Kirumi. Wakati wa kulipanga waliwaomba wazee waliosimama kwenye ile foleni ya utotoni wawape picha na kumbukumbu zao. Tangu 2017 liko wazi. Kwa hesabu yangu ni mara ya tatu linajengwa, na mara hii ndiyo mafundi wamesikilizana.

Kilichonivutia mimi si mungu, ni sakafu. Hekalu lilijengwa kama mwaka 240, kwenye ukingo wa mto, juu ya ardhi chepechepe, na lilianza kuwasumbua mapema. Katikati palikuwa bondeni, maji yakapanda. Wakainua sakafu. Maji yakapanda tena, wakaiinua tena, na tena, mpaka zile ngazi za kushukia zikafukiwa. Nguzo saba kila upande zikang'olewa wakati fulani. Niliinama juu ya kizuizi nikatazama mahali nguzo zilipokuwa zimeketi. Jiwe moja limeinama upande wa mto, kidogo tu, kwa kiasi ambacho mwenye nyumba angesema ni macho yangu. Watu hawa waliishi na unyevu zaidi ya karne nzima, na hapakuwa na wa kuwaambia wafungue dirisha, maana madirisha hayakuwepo.

Mtoto alikuwa na maswali. Kama yule fahali alichinjwa kihalali. Kama mama yake angeruhusiwa kuingia. Nikamwambia hapana, akasema basi wangemkoma. Alipenda habari ya vyeo saba vya waumini, kuanzia Kunguru mpaka Baba, na akaamua yeye ni Simba, mimi Kunguru. Kunguru ndiye anayehudumia wengine mezani. Njia nzima ya kurudi nilibeba begi.

Alitaka pia kuona kile kichwa. Hakiko hapo. Kichwa cha Mithras, pamoja na vya miungu Minerva na Serapis vilivyofukuliwa mwaka ule, ni mali ya makumbusho ya jiji, nayo yalifunga milango mwaka 2022 yahamie Smithfield. Waumini waliizika sanamu hiyo chini ya sakafu, kwa hofu au kwa heshima, katika karne ya nne. Ilikaa humo miaka elfu na mia sita ikatulia. Tangu itoke imekuwa ikihamahama kama mpangaji.

Jumapili

Simu imewaka. Inaonyesha kila kitu kwa rangi ya kijani, lakini inapiga. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa shemeji, ananisalimu tu.

Nilimpigia kaka Pangani. Nikamweleza habari za Londinium na vibao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hata kwake upo mji. Huo ni mjadala wa zamani. Wakati uleule Tibullus anaandika deni lake, mtu mmoja anayeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa biashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, Periplus, akataja soko la mwisho kabisa kwenye pwani yetu: Rhapta. Anasema palikuwa na mitumbwi ya kushonwa, pembe za ndovu na magamba ya kasa, na wafanyabiashara wa Kiarabu waliooa hapo na kuijua lugha ya wenyeji. Mji wenyewe haujaonekana mpaka leo. Wako wanaoutafuta delta ya Rufiji, wako wanaoutafuta huku kwetu kaskazini. Kaka anasema uko chini ya minazi yake, upande wa mtoni, na haumsumbui.

Nikamwambia achimbe basi. Akasema minazi inazaa.

Sikuwa na jibu. Grimes alichimba palipokwisha kubomolewa na bomu, na Bloomberg palipokwisha kubomolewa na Bloomberg. Kuchimba penye mnazi unaozaa ni jambo jingine, na nadhani kaka yuko sahihi kuliko mawaziri wote wa mwaka 1954. Kisha akaniuliza kama ni kweli ninakopesha.

Jumatatu

Yule mtu ametumwa. Alifika saa tatu asubuhi, nimetoka zamu, nina usingizi. Alifuata ukuta kwa mashine ndogo inayolia pip, akatoka nje, akachimba bustanini shimo linalonifika kiunoni. Akasema pumzi yangu haihusiki. Kuna bomba la zamani la udongo, limepasuka, linatia maji kwenye msingi mchana na usiku. Nilifurahi kuliko inavyofaa kwa habari ya namna hiyo.

Alizungushia utepe wa rangi ya machungwa akaenda kunywa chai. Wapita njia wakaanza kusimama. Bibi wa nyumba ya pili aliuliza kama ni maiti. Kijana mmoja akapiga picha. Wawili waliokuwa wakienda dukani wakasimama kwa sababu wengine wamesimama, na mmoja akaniuliza ni lini watalifukia, ili amlete mama yake. Nikawaambia ni bomba. Hawakuondoka.

Fundi aliporudi akalifuata bomba akagundua linaanzia upande wa jirani. Kwa hiyo si letu. Inabidi aulizwe mwenye nyumba wa jirani, naye yuko Hispania mpaka mwezi ujao. Mwenye nyumba wangu ameandika kwamba katika kusubiri nisifungue dirisha, tope lisije likaingia ndani.

Mtoto amepata nyota kwa kazi yake. Ameandika kwamba Warumi walikuwa na shida ya unyevu na hawakuwa na mtu wa kumpigia simu. Mwalimu amepigia mstari sentensi hiyo.

Shimo lilikuwa limejaa maji kufika alasiri. Fundi aliazima sufuria yangu kubwa ya kuyatolea, ile ninayopikia wali. Akayatoa yote, akafagia ngazi, akaaga vizuri, akaondoka nayo kwenye gari. Nimekula mkate na chai.